Mwaka Daftari la Baba Lilipoitwa Injili

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu Elia. Aliyesoma wasifu wake alikuwa kijana mmoja aliyefanya naye kazi Dar es Salaam, na alisimama kando ya jeneza akasema marehemu atakumbukwa kama mtu aliyeiibulia dunia Injili ya Usambara. Waliotoka Dar wakatikisa vichwa kukubali. Watu wa kwetu waliangalia chini. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wafiwa na nilishaanza kuinuka, lakini shangazi akaniwekea mkono gotini, mkono mzito wa mtu aliyelima maisha yake yote, akaninong'oneza, "Si leo, mwanangu. Leo tunazika." Nikakaa. Tangu siku hiyo maneno ya yule kijana yananifuata shambani na jikoni, na nimeona bora niandike mambo yalivyokuwa, kwa sababu Injili ya Usambara haikuwahi kuwepo. Kulikuwa na daftari la baba yangu, basi, na mwaka mmoja ambao nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Sitaeleza wazazi wetu walikufaje, wala tuliishije baada yao. Yatosha kusema kwamba mimi ndiye mkubwa, niliachia shule kidato cha pili, na Elia akasoma mpaka kidato cha sita. Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni juu kidogo ya mji wa Lushoto. Jiko lilikuwa refu na jembamba, lenye dirisha moja lililotazama mikaratusi, na ukutani kulikuwa na kamba ambapo wageni walianika soksi zao zilizolowa, juu ya sufuria zetu, bila kuuliza. Mpishi mkuu alikuwa Mama Shabani, Mwislamu wa Soni, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiolala. Tuliwapikia wageni supu ya karoti, viazi na kuku, na plamu zilizochemshwa na sukari; sisi wenyewe saa nne asubuhi tulikula makande tukiwa tumesimama. Mlango wa kwenda chumba cha kulia haukufunga vizuri, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo ya watu wengi ambao hawakujua kuwa nipo. Nadhani elimu yangu ya sekondari niliimalizia kwenye mlango ule.

Ulikuwa mwaka ambao dunia ilishikwa na homa ya kumtafutia Yesu mke, na kaburi, na ndugu pacha. Wageni waliacha magazeti mezani, na kila moja, hasa Pasaka ilipokaribia, lilikuwa na uso wa Yesu kwenye jalada na swali kubwa chini yake. Magazeti yetu ya Kiswahili yalichukua yale yale yakayaongezea chumvi. Redio iliyokaa juu ya kabati la vyombo ilitangaza kwamba kumepatikana maandishi, kumepatikana mifupa, kumepatikana siri ambayo kanisa lilificha. Wiki mbili baadaye, wataalamu waliposema maandishi ni ya uongo au mifupa ni ya mtu mwingine, redio ilikuwa imeshahamia kwenye bei ya sukari. Mama Shabani alikuwa akiisikiliza huku anamenya viazi. "Sisi dini yetu ina maneno yake juu ya Nabii Isa," aliniambia siku moja, "na nyinyi mna yenu, tumeishi hivyo hivyo tangu babu zetu. Lakini hawa wa redioni, mbona hawana yao? Wao kila mwezi wana mapya."

Elia siku hizo aliwaongoza watalii, akiwapeleka msituni na kwenye majabali ya kutazamia bonde, huku akisubiri kupata chuo. Alikuwa na ulimi mzuri. Wageni walimpenda. Siku moja ya mvua za masika alikaa mezani na watu wawili wa televisheni kutoka Dar, mtangazaji ambaye jina lake silitaji, na mpiga picha wake. Walikuwa wamekuja kupiga picha za milima, na milima ilikuwa ndani ya ukungu kwa siku ya tatu. Nilikuwa naingiza supu niliposikia mtangazaji akisema, kwa uchovu, "Yaani hapa kwenu hakuna hata hadithi?" Elia akacheka. Akasema, "Hadithi? Baba yetu alikuwa mwinjilisti, na ameacha kitabu kimeandikwa kwamba mwili wa Yesu ulihamishwa na wazee kwa siri." Mtangazaji akaweka kijiko chini. "Kitabu gani?" "Cha zamani. Mbele kina maandishi ya Wajerumani." Nikamwona mtangazaji anamtazama mpiga picha wake, na mpiga picha akaacha kutafuna.

Hapa inabidi nieleze daftari lenyewe. Baba alipokuwa kijana, stoo ya misheni ilisafishwa, na akapewa kitabu kikubwa cha hesabu chenye jalada la ngozi. Katika kurasa kama kumi za mwanzo mmisionari wa zamani za Wajerumani alikuwa ameorodhesha miche, mizeituni iliyokataa kuota na misindano iliyokubali. Zilizobaki zilikuwa nyeupe. Karatasi ilikuwa taabu, baba akazitumia. Alifundisha darasa la kipaimara kwa karibu miaka thelathini, na alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Mtoto akijibu vibaya, baba hakumwambia amekosea, wala hakumpiga. Alisema, "Ahaa," akaliandika jibu lile kwenye daftari kama lilivyotoka mdomoni, na pembeni akaweka herufi ya kwanza ya jina la mtoto na kijiji chake. Wiki iliyofuata somo zima lilijengwa juu ya jibu hilo. Kwa hiyo daftari zima, ukurasa baada ya ukurasa kwa mwandiko wake ulionyooka, lilikuwa la majibu yaliyokosewa. Majibu sahihi hakuyaandika. Alikuwa akisema hayo yameshaandikwa.

Na mimi nimo humo. Nikiwa na miaka kumi na mitatu aliniuliza, mbele ya darasa, Martha alikuwa nani. Nikasema alikuwa mke wa Yesu, maana alimlalamikia mbele za watu kuhusu kazi za jikoni, na mgeni halalamikiwi. Anayelalamikiwa ni mume. Darasa likacheka mpaka mbuzi nje wakashtuka. Baba akasema, "Ahaa," akaandika. Wiki iliyofuata akatuuliza, "Sasa tufikiri. Huyu alikuwa mgeni wa namna gani, hata mwanamke asiye mkewe akaweza kumlalamikia bila kuogopa?" Nilimwelewa Yesu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Jibu la kaburi nalo lilitolewa miaka mingi kabla sijazaliwa, na mvulana mmoja wa Vuga. Vuga ndiko walikokaa wafalme wetu wa kale, na wazee wa huko walikuwa wakisimulia kwamba mfalme akifa kifo chake kilifichwa, akazikwa kwa siri, mpaka mrithi akae kitini. Mvulana yule alipoulizwa kwa nini kaburi lilikutwa tupu, alijibu alichojua: wazee walimhamisha, wakamzika kwingine wakingoja mrithi. Ni jibu ambalo mtoto wa milima hii tu angeweza kulitoa. Baba alilipenda mno. Alitusimulia jinsi alivyolijibu: wazee wa Vuga walinyamaza ili ufalme usitikisike, lakini wanafunzi wa Yesu walikwenda mpaka sokoni kutangaza kwamba mfalme wao amekufa, tena kifo cha aibu. Mwenye nia ya kuficha hafanyi hivyo.

Elia alikuja jikoni mchana huo huo. "Dada, nipe daftari la Baba, wageni wanataka kuona mwandiko wake." Nisijifanye mwema hapa. Nilifurahi. Tangu Baba afe hakuna mtu aliyewahi kuniomba kuona kitu chake. Nililitoa sandukuni kesho yake, nikalifuta kwa kanga safi, nikavaa gauni la kanisani, nikalipeleka mwenyewe. Wakaniweka kwenye kiti karibu na dirisha, taa usoni. Mtangazaji alikuwa na adabu nyingi. "Shikamoo dada," alisema, ingawa alinizidi umri, na kila mtu akacheka, nami nikacheka. Akauliza, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia. Akaandika kitu. Halafu akauliza kama huu ni mwandiko wa baba yangu. Nikasema ndiyo, huu ni mwandiko wa baba yangu, kila neno humu aliliandika kwa mkono wake. Akauliza kama baba alikuwa mtu mwongo. Nikasema baba yangu hakuwahi kusema uongo. Kisha nikaeleza yote, utaratibu wa Baba, herufi za pembeni, Martha wangu, mvulana wa Vuga, miche ya Mjerumani. Niliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kuongea mbele ya watu wazima. Niliporudi jikoni nilisikia kupitia mlango mpiga picha akiuliza, "Sasa yote yale tunayafanyaje?" na mtangazaji akajibu, "Tuchukue pale pa mwandiko, basi. Panatosha." Nikadhani wanazungumzia picha za kurasa. Nikamwambia Mama Shabani kwamba wameupenda mwandiko wa Baba. Aliniangalia tu, kisha akasema, "Waliomba chumvi kwenye supu?" Nikasema ndiyo, waliomba. "Basi," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Daftari walisafiri nalo, kwa uchunguzi, na Elia akaapa kwamba litarudi baada ya wiki mbili.

Kipindi kilirushwa Jumapili moja alasiri. Tulikitazama kwenye mgahawa karibu na soko, kwa kuwa ndipo palipokuwa na televisheni, na nusu ya usharika wetu ilikuwa pale, wengine wamesimama nje wakichungulia dirishani, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwaambia waje. Ulianza muziki wa kutisha. Ukaja ukungu, ndio ule ule waliokuwa wakiulaani mezani, sasa wameufanya wa siri. Sauti ikasema kwamba katika milima hii kumegunduliwa hati ya kale waliyoiita Injili ya Usambara, iliyohifadhiwa na familia moja tangu enzi za Wajerumani, yenye ushuhuda kwamba Yesu alikuwa na mke aitwaye Martha na kwamba mwili wake ulihamishwa kaburini. Ukurasa wa miche ukapita haraka, herufi zake zimepinda kama miiba, ungedhani ni maneno ya wachawi. Kisha nikatokea mimi, nimevaa gauni la kanisani. "Huu ni mwandiko wa baba yangu. Kila neno humu aliliandika kwa mkono wake." Kimya kidogo, wakauleta uso wangu karibu. "Baba yangu hakuwahi kusema uongo." Basi. Wakarudi kwenye ukungu. Mzee mmoja wa nyuma ya mgahawa akauliza kwa sauti kubwa, "Huyu si binti wa mwinjilisti?" na mwingine akamjibu, "Ndiye. Kumbe baba yake alikuwa na dini yake pembeni." Mtu akacheka. Nilimtafuta Elia kwa macho, nikamkuta mlangoni, amezungukwa na vijana wanaompiga begani.

Nilimsubiri nyumbani. Nilikuwa nimesonga bada, ugali wa muhogo alioupenda, na sikumpakulia mpaka aseme. "Uliwaambia?" nikamuuliza. "Uliwaambia ni majibu ya watoto?" Akasema, "Niliwaambia, Dada. Mara mbili. Wakasema wanajua kazi yao." "Na ukanyamaza." "Ningefanyaje? Wameniahidi kazi kwao. Wanataka niende Dar nieleze kipindi cha pili." Nikamwambia, "Kipindi cha pili ukaeleze ukweli." Akashika kichwa. "Dada, ukweli si habari. Nani ataangalia kipindi cha mwinjilisti aliyeandika makosa ya watoto? Na nani ameumia, kwani? Baba amekufa." Nikamwambia, "Kama Baba amekufa, mbona unamtuma kazi?" Alivuta sufuria, akajipakulia. Alikula bada yake. Mwisho wa mwezi alihamia Dar, na kwenye kipindi cha pili alivaa koti, akaitwa mtunzaji wa hati, na alipoulizwa kama yeye mwenyewe anaamini yaliyomo alisema kwamba ni jambo la kila mtu na dhamiri yake. Nilimsikia akisema hivyo nikajua amefundishwa, kwa sababu kwetu hatuzungumzi namna hiyo.

Yaliyoniumiza zaidi hayakutoka Dar. Magazeti mawili yaliandika, redio zikauliza maoni ya wapita njia, watu wawili wazungu wakaja na begi la vifaa wakapiga picha nyumba yetu kutokea barabarani. Niliandika barua kwa ile televisheni, nikamwomba mwalimu wa shule ya msingi aisahihishe, nikaituma. Niliandika nyingine. Hakuna aliyejibu. Nami nilivumilia hayo yote, kwa sababu wale hawakumjua Baba. Baraza la wazee wa kanisa liliniita mwezi wa nane, na wale walimjua.

Tulikutana katika ofisi ya usharika, chumba chenye meza moja na viti vya darasa la watoto, hivyo wazee walikaa magoti yakiwa juu. Mchungaji alikuwa mgeni kwetu, hakumwona Baba hata siku moja. Aliniuliza kwa upole kama nilisema yale maneno kwenye televisheni. Nikasema niliyasema, lakini yalikatwa. "Lakini uliyasema." Nikasema ndiyo. Nikaeleza tena, kwa mara ya ngapi sijui, utaratibu wa Baba. "Daftari liko wapi tulione?" Liko Dar, hawajalirudisha. Mzee mmoja akaguna. Nikaona kwamba bila daftari mimi ni mwanamke tu aliyeachia shule kidato cha pili, anayemtetea baba yake. Ndipo nikamgeukia Mzee Yonathani. Alikuwa pembeni, ameshika kofia yake, mtu wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Vuga, naye ndiye aliyekuwa anatazamiwa kuchaguliwa mzee kiongozi mwaka ule.

Nikamwambia, "Mzee Yonathani, kwa heshima zote. Jibu la kaburi ni lako. Pembeni yake pameandikwa Y. wa Vuga. La Martha ni langu, nalikiri mbele ya wote. Nawe sema lako, mambo yaishe."

Nilikuwa na uhakika naye, na sababu yangu ni hii: Baba alipokufa, Mzee Yonathani alikaa jikoni kwetu siku tatu za msiba, na siku ya pili, watu wanakunywa chai ya mchaichai, alituchekesha sote mpaka machozi. "Baba yenu alinivumilia," alisema, "mimi niliyemzika Yesu kisirisiri kama mfalme wa Vuga!" Wawili kati ya wazee wale wa baraza walikuwa pale jikoni, vikombe mkononi, na walicheka.

Mzee Yonathani aliigeuza kofia yake. "Dada," alisema, "mimi nilikuwa mtoto. Sikumbuki kusema jambo kama hilo." "Ulilisimulia msibani kwetu." "Msibani watu husema mengi." Nikawatazama wale wawili wengine. Mmoja alikuwa anaangalia dirisha, mwingine alikuwa ameanza kutafuta miwani yake mifukoni, na miwani alikuwa ameivaa. Nimefikiri sana kuhusu dakika ile. Watu wa televisheni walichukua kosa la mtoto wakaliita siri ya karne, kwa kuwa siri inatazamwa. Hilo nalielewa, ndiyo biashara yao. Lakini huyu alikuwa na maneno matatu tu ya kusema, lilikuwa jibu langu, na angelisafisha jina la mtu aliyemfundisha sala ya Baba Yetu. Hakuna ambaye angemcheka zaidi ya siku moja. Aliona bora mwalimu wake awe mzushi kuliko yeye awe mtoto aliyewahi kukosea.

Baraza liliamua mambo mawili. Mimi nisishiriki Meza ya Bwana mpaka Krismasi, kwa kuleta fedheha, na hilo nililitumikia bila neno. La pili lilihusu jina la Baba. Kwetu, Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa, kabla ya Majilio, husomwa majina ya wainjilisti walioujenga usharika wakalala katika Bwana. Waliamua la Baba lisisomwe kwanza, mpaka suala lichunguzwe. Nikauliza nani atachunguza. Mchungaji akasema, "Litachunguzwa, dada." Mzee Yonathani alichaguliwa mzee kiongozi mwezi uliofuata, na kwa wadhifa huo ndiye msomaji wa majina.

Jumapili ile nilikaa benchi la tatu, upande wa wanawake. Alisoma vizuri, ana sauti. Baada ya kila jina waumini hunyamaza kidogo. Alipofika mahali ambapo jina la Baba lingekuwa, kati ya mwinjilisti wa Mlalo na yule wa bondeni, aliruka bila hata kuvuta pumzi. Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikalitaja jina la baba yangu kwa sauti, lote, la ubatizo na la ukoo, nikaongeza, "Alifundisha kipaimara hapa miaka karibu thelathini," nikakaa. Mzee Yonathani alibaki na karatasi yake mkononi, shingo imemvimba. Kisha mwalimu wa kwaya akainua mkono, kwaya ikaanza kuimba.

Suala halijachunguzwa mpaka leo. Mchungaji yule alihama, wamekuja wengine watatu, na kila mmoja ameniambia hilo ni jambo la zamani kabla yake. Daftari halikurudi. Elia alikuja nyumbani kila Krismasi, tulikula pamoja, hatukulizungumza tena, nami nililala nikiwa nimemsamehe na kuamka sijamsamehe, mpaka alipokufa. Na kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kati ya mwinjilisti wa Mlalo na yule wa bondeni, nasimama nalitaja jina. Nimezeeka kidogo, sauti haifiki mbali kama zamani, na mwalimu wa kwaya wa siku hizi ni kijana mwepesi. Ameshajua mahali. Huinua mkono mapema, kwaya ikaanza kabla sijafika jina la ukoo.